Meli ya vakansi ilitoka wapi? Historia ya anasa moja, kutoka Hamburg mpaka kwenye ziwa letu



Vakansi hizi video moja imezunguka sana kwenye magrupu yetu: meli kubwa sawa mtaa mzima, watoto wanateleza ndani ya maji ya rangi, baba na mama wamelala kwenye viti, watu maelfu wanapanga mstari mbele ya chakula. Chini yake komenti karibu zote zinasema jambo moja: "Wazungu wanajua kuishi." Mimi nimesoma historia, na neno hilo linanisumbua. Linafanya tuamini kwamba familia kupumzika juu ya meli ni tabia ya damu, kwamba wengine walizaliwa nayo na sisi tulizaliwa bila. Hapana. Jambo hilo lilitengenezwa na watu, tarehe yake inajulikana, na sababu yake ilikuwa hesabu ya franga. Tena sisi Wakongo tuko ndani ya historia hiyo, hata kama hatukuwa kwenye viti vya kulalia.

1. Meli tupu ya majira ya baridi

Katika karne ya 19 mtu hakupanda meli kwa kupumzika. Alipanda juu alikuwa na pahali pa kufika. Makampuni ya Ulaya yalipata faida kwa kuvusha watu kwenda Marekani: matajiri wachache juu, na chini maskini wengi waliokuwa wanahama moja kwa moja. Kampuni kubwa ya Hamburg, yenye kuitwa HAPAG, iliishi kwa kazi hiyo. Shida yake ilikuwa majira ya baridi. Bahari ya Atlantiki ya kaskazini inachafuka, abiria wanapunguka, na meli yenye kusimama porti inaendelea kula pesa: mishahara, makaa, matengenezo, deni la benki.

Albert Ballin, mmoja wa wakurugenzi, alikuwa mtoto wa Myahudi wa Hamburg mwenye ofisi ndogo ya kutafutia wahamiaji nafasi za safari. Yeye akasema: kama watu hawataki kwenda Marekani wakati wa baridi, tuwapeleke kwenye jua halafu tuwarudishe. Tarehe 22 Januari 1891 meli Augusta Victoria ikatoka Cuxhaven na abiria 241. Ilizunguka bahari ya Mediterania karibu miezi miwili: Misri, Jaffa kwa wenye walitaka kuona Yerusalemu, Konstantinopoli, Athens, Napoli. Ballin mwenyewe alikuwa ndani pamoja na bibi yake. Abiria walirudi pale pale walipotokea, na hakuna aliyelalamika kwamba hakufika popote. Hapo ndipo wazo jipya liko: safari yenyewe ndiyo bidhaa.

Ni vizuri niseme kwamba Waingereza walikuwa wamejaribu kitu cha karibu. Mwaka 1844 kampuni P&O ilimpa mwandishi Thackeray nafasi kwenye meli zake za Mediterania, naye akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Lakini zile zilikuwa meli za kazi zenye kupita njia yao ya kawaida. Ballin ndiye alifanya mzunguko wa anasa kuwa biashara, na mwaka 1900 kampuni yake ikaleta Prinzessin Victoria Luise, meli iliyojengwa tangu mwanzo kwa watalii peke yao, bila wahamiaji. Haikuishi sana: Desemba 1906 ilipanda mwamba karibu na Kingston, Jamaika. Abiria waliokoka, kapiteni akajiua.

2. Miaka ileile, sisi tulipanda meli namna gani?

Tuangalie sasa upande wetu, na tuangalie tarehe vizuri. Tarehe 6 Februari 1895 meli yenye jina Léopoldville ilitoka Antwerp kuja Matadi, na hapo ndipo ilianza njia ya kudumu kati ya Ubelgiji na Kongo. Miaka miwili nyuma yake, mwaka 1897, Wakongo 267 walivushwa bahari wakapelekwa Tervuren, karibu na Brussels, kwa maonyesho ya Leopold II. Wazungu walikuja na familia zao siku ya mapumziko kuwaangalia ndani ya vijiji vya kuigiza. Watu 7 kati yao walikufa huko, na makaburi yao yako pembeni ya kanisa la Tervuren mpaka leo.

Muangalie mambo hayo mawili pamoja. Wakati Ballin alikuwa anauza jua kwa familia za Ulaya, familia za Ulaya zilikuwa zinalipa kuona watu wetu. Meli ni chombo kimoja. Swali ni nani anaangalia na nani anaangaliwa.

Halafu mambo yakawa ya kawaida. Wabeleji waliofanya kazi Kongo walikuwa na mkataba wa miaka kama mitatu, nyuma yake wanapata konje ndefu kwao. Familia nzima inashuka Matadi, ao Lobito kwa wenye walitoka Katanga, inapanda "malle", na safari ya majuma mawili na zaidi inakuwa sehemu ya vakansi: piscine, michezo ya watoto, dansi, na ule mchezo wa kumwagia maji mtu mwenye anavuka mstari wa ekweta mara ya kwanza. Ile ndiyo ilikuwa vakansi ya familia juu ya meli, na Mkongo alikuwa ndani pia: kwenye mashine, kwenye kufua, kwenye jiko. Mabaharia Wakongo walilipwa chini ya mabaharia Wabeleji kwa kazi ya meli ileile.

Majina ya meli hizo ndiyo yananishangaza zaidi. Albertville, ndiyo Kalemie. Elisabethville, ndiyo Lubumbashi. Jadotville, ndiyo Likasi. Baudouinville, ndiyo Moba. Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu. Miji yetu ilikuwa inaelea baharini kwa herufi kubwa, lakini mwenyeji wa Lubumbashi hakuweza kukata tiketi ya kupumzika juu ya Elisabethville.

Meli hizo zilibeba pia vita vya wengine. Tarehe 24 Desemba 1944 Léopoldville nyingine, iliyojengwa mwaka 1929, ilipigwa na nyambizi ya Wajerumani karibu na Cherbourg, Ufaransa. Wanajeshi wa Marekani zaidi ya 700 walikufa usiku wa Noeli. Kati ya wafanyakazi wa meli hiyo walikuwemo Wakongo. Katika vitabu vya vita hadithi yao inapita kwa mstari mmoja, kama inapita. Hapa iko mada ya memuari kwa mwanafunzi mwenye anatafuta.

Mwaka 1961, uhuru ukiisha kupatikana, Jadotville na Baudouinville ziliuzwa kwa P&O na kubadilishwa majina. Njia ilikuwa imekwisha kufa kidogo kidogo, juu ndege za Sabena zilikuwa zinaruka kati ya Brussels na Kongo tangu 1935.

3. Fundi mmoja, meli mbili

Hapa nataka tusimame kidogo, maana ni jambo lenye watu wachache wanalijua.

Katika mji mdogo wa Papenburg, Ujerumani, kuna kiwanda cha meli kinaitwa Meyer Werft. Kilianza mwaka 1795. Mwaka 1913 serikali ya Wajerumani ilikipa kazi ya meli ya ziwa Tanganyika. Meyer wakaijenga, wakaifungua vipande vipande, wakaweka ndani ya masanduku kama 5,000, ikaenda Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa treni. Mafundi watatu wa Papenburg walikuja kuiunganisha. Ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita vimekwisha kuanza. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen, yule Mjerumani aliyefika ziwa Kivu mwaka 1894, halafu akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Wajerumani wakati wa vita vya Maji Maji.

Julai 1916, jeshi la Wabeleji na askari wao Wakongo wakikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi walipaka mashine mafuta mazito kwanza, kusudi siku moja iweze kuamka. Ikaamka kweli: Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi na jina jipya, Liemba. Ndiyo ile Liemba yenye wazee wa Uvira, Kalemie na Moba wanaijua.

Kiwanda kile hakikufa. Mwaka 1986 kilitoa meli yake kubwa ya kwanza ya vakansi, Homeric. Nyuma yake kikawa mmoja wa mafundi wakubwa duniani wa meli za namna hiyo. Meli za Disney, Disney Dream na Disney Fantasy, zenye zinatengenezwa kwa ajili ya watoto na wazazi wao, zilitoka Papenburg. Mwaka 2014 familia ya Meyer ilichukua kiwanda cha Turku, Finland, na pale ndipo ilijengwa Icon of the Seas, meli ya vakansi iliyokuwa kubwa kupita zote ilipoanza safari kutoka Miami Januari 2024. Ina urefu wa karibu mita 365, ghorofa 20, nafasi ya abiria mpaka 7,600 na wafanyakazi kama 2,350. Ukihesabu wote, ni karibu watu 10,000 juu ya chuma kimoja.

Kwa hiyo jina moja la fundi liko kwenye meli yenye watoto wa Florida wanateleza, na kwenye meli yenye ilibeba wakimbizi wetu. Mwaka 1997 HCR ilitumia Liemba kurudisha Wakongo zaidi ya 75,000 waliokuwa wamekimbilia Kigoma. Ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Mwaka 2015 ikavusha Warundi kutoka Kagunga. Familia zilijaa kule ndani pia. Lakini hakuna aliyeita ile vakansi.

4. Ndege iliua meli, meli ikageuka hoteli

Turudi Ulaya na Marekani. Anasa ilishuka vipi kutoka kwa matajiri 241 mpaka kwa familia ya kawaida?

Sababu ya kwanza ni sheria. Mwaka 1924 Marekani ilifunga mlango kwa wahamiaji wengi. Makampuni yakabaki na vitanda vya maskini bila maskini. Yakavisafisha, yakaweka jina jipya la watalii, yakauza kwa walimu na wanafunzi. Tena, juu pombe ilikuwa imekatazwa Marekani mpaka 1933, kulikuwa na safari fupi fupi za kwenda kunywa tu baharini.

Sababu ya pili ni siasa. Tangu 1934 serikali ya Hitler ilipeleka wafanyakazi Wajerumani kwenye vakansi ya meli kwa bei ndogo, ili wapende utawala. Wilhelm Gustloff, ya mwaka 1938, haikuwa na madaraja: wote vyumba vya namna moja. Wayahudi hawakuruhusiwa. Tarehe 30 Januari 1945 meli ileile, imejaa wakimbizi Wajerumani, ilizamishwa na nyambizi ya Urusi, watu maelfu wakafa. Mwenye kufikiri kwamba vakansi haina siasa asome hapo.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa: ndege. Tangu Oktoba 1958 ndege za jeti zilivuka Atlantiki kwa masaa machache. Meli za abiria zikakosa kazi. Ni shida ileile ya Ballin, lakini sasa ya mwaka mzima. Na jibu likawa lilelile. Desemba 1966 Mnorwe Knut Kloster na Ted Arison, mtu wa Israeli, walianza safari za Sunward kutoka Miami. Mwaka 1972 Arison, akiwa peke yake sasa, alinunua meli ya zamani, akaiita Mardi Gras, akaanzisha Carnival. Siku ya kwanza ilikwama kwenye mchanga mbele ya Miami! Lakini wazo lake lilishinda: usiuze heshima, uza furaha. Hakuna koti la jioni la lazima, watoto waje, bei iwe ya mfanyakazi. Kuanzia 1977 filamu ya televisheni The Love Boat ikaingiza wazo hilo ndani ya nyumba za Wamarekani. Mwaka 2024 watu kama milioni 34 walipanda meli za vakansi duniani.

5. Hesabu ya chini ya meza

Bei ya tiketi inaweza kuwa ndogo juu faida inatoka pahali pengine: vinywaji, kazino, picha, matembezi ya porti. Ndiyo maana meli inazidi kuwa kubwa. Kadiri watu wanavyojaa, gharama ya kila mmoja inashuka, na kila mmoja anakuja na mfuko. Msongamano wenye tunaona kwenye video si ajali, ndiyo mpango wenyewe. Chakula kinapangwa kwa zamu, watoto wana klabu yao, wazazi wanabaki huru kwenda kutumia pesa.

Halafu iko bendera. Icon of the Seas ni ya kampuni yenye makao Miami, lakini bendera yake ni ya Bahamas. Zingine ni za Panama ao Liberia. Bendera inaamua sheria gani ya kodi na ya kazi inatumika. Wafanyakazi wengi wanatoka Ufilipino, Indonesia, India, mikataba ya miezi sita mpaka tisa, siku saba kwa juma. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 unaruhusu mpaka masaa 14 kwa siku na 72 kwa juma. Mulinganishe na hadithi ya mabaharia Wakongo wa Antwerp, mutaona kwamba jiko la meli halijabadilika sana, ni nchi ya mpishi tu imebadilika.

Hapa nina neno kwa vijana wenye diplome na bila kazi. Kuna watu wanatuma ujumbe kwa simu: "Kazi kwenye meli, mshahara wa dola, tuma kwanza pesa ya dosie." Mkataba uleule wa 2006 unakataza mtu kumlipisha baharia kwa kumtafutia kazi. Kinachoweza kubaki juu yako ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia na paspoti, basi. Viza si juu yako. Mwenye kukuomba pesa ya "dosie" amekwisha kukuonyesha yeye ni nani.

6. Kitu chenye tunapaswa kuonea wivu

Mimi sikatai furaha ya mtu. Mzazi mwenye amefanya kazi mwaka mzima na kuwapeleka watoto kuona bahari, Mungu ambariki. Lakini kama tunatafuta kitu cha kuonea wivu kwenye meli zile, tusiangalie piscine. Tuangalie vitu viwili vyenye havionekani kwenye video: lisiti ya majina, na gile.

Vitu hivyo havikuja kwa wema, vilikuja kwa vifo. Titanic, Aprili 1912, ilikuwa na nafasi 1,178 kwenye mitumbwi ya kuokolea, na watu karibu 2,200 ndani. Zaidi ya 1,500 walikufa. Januari 1914 mataifa yakaandika mkataba: nafasi kwa kila mtu. Tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia ilipasuka kwenye mwamba wa Giglio, Italia. Kati ya watu zaidi ya 4,000, walikufa 32. Ikaonekana abiria karibu 700 waliopanda siku ileile walikuwa hawajafanya mazoezi ya kutoka. Sheria ikabadilika: mazoezi yafanyike kabla ya meli kuondoka ao mara tu inapoondoka. Na kapiteni alihukumiwa miaka 16 ya gereza.

Sasa sisi. Tarehe 3 Oktoba 2024 bato Merdi, lenye lilitoka Minova, lilizama karibu kabisa na Kituku, Goma, watu wa porti wakiangalia. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo watu na mizigo wote walihamia majini. Bato lilikuwa limejaa kupita kiasi. Siku zilizofuata kila familia ilikuwa inatafuta kujua nani alikuwa ndani, juu orodha ya kweli ya abiria haikuwa. Mama mwenye kutoka Minova na magunia yake hakuwa anakwenda kupumzika. Alikuwa anakwenda kuuza ili watoto wasome, pengine mmoja wao anasoma ukurasa huu.

Kila ajali ikitokea tunasikia amri: gile kwa kila mtu, marufuku kusafiri usiku, marufuku kupakia kupita kiasi. Majuma matatu nyuma yake amri inalala. Wenzetu walifanya kitu kimoja chenye sisi hatujafanya: waliandika kifo ndani ya sheria, na wakaweka mtu wa kusimamia sheria kwenye mlango wa meli.

Ndiyo maana nimeandika. Mwenye anasoma sheria anaweza kuchunguza nani ana mamlaka ya kuzuia bato lisiondoke Kituku ao Uvira ao Kalemie. Mwenye anasoma informatike anaweza kutengeneza orodha ya abiria yenye inabaki inchi kavu hata kama simu inazama. Mwenye anasoma historia aende kwa wazee waliofanya kazi kwenye meli za Matadi na za ziwa, kabla hawajaondoka na majina yao. Na sisi wote, siku ya kupanda, tuulize gile iko wapi bila haya, hata kama watu wanacheka.

Nani kati yenu amewahi kuandikwa jina kwa kweli kabla ya kuvuka ziwa? Na mwaka gani? Muandike hapa chini, porti na mwaka. Hiyo nayo itakuwa mwanzo wa arshive yetu.